Niliipa Skripti Jina la Tata Badibanga

Mama Odile mpendwa, naomba unisikilize, kama unavyowasikiliza wote wanaokuandikia, mpaka mwisho kabla ya kunikaripia, maana najua utanikaripia, na nusu yangu inaona ninastahili na nusu nyingine bado imevimba kichwa.

Ninafundisha kompyuta kwenye kituo cha parokia hapa Kapata, Kolwezi, na kompyuta zetu ni kuukuu, tunapewa na makampuni ya migodi yakishanunua mpya, kwa hiyo kila moja inakuja na tabia yake, hii inaongea Kichina, ile Kiingereza, saa ni ya nchi nyingine, herufi za kibodi zimekaa kinyume na vidole vyetu, printa haionekani, na kabla mwanafunzi hajakaa lazima mtu aingie kwenye mipangilio ya kila mashine, afungue hapa, ashuke, afungue pale, mpaka kila kitu kiwe Kifaransa na saa ya Kolwezi. Mtu huyo miaka yote ni Tata Badibanga, tata yaani baba, mstaafu wa ofisi za mgodi, ambaye ndiye aliyenifundisha mimi kushika kipanya. Kichina hajui hata neno moja, lakini anajua vitu vinapokaa: gurudumu lenye meno, shuka mpaka alama ya saa, ingia, mstari wa pili. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya kiti chake nikizishika hatua zile kichwani.

Basi mwaka huu nikaandika skripti, yaani amri ambazo kompyuta inazifuata mstari kwa mstari, nimeiandika mwenyewe, Mama, hakuna aliyenishika mkono, na inapita njia zile zile za Tata Badibanga bila mtu kugusa kitu, madirisha yanafunguka na kujifunga, Kichina kinaondoka, Kifaransa kinaingia, printa inaitika, na kazi iliyokuwa inakula asubuhi nzima inaisha kabla maji ya chai hayajachemka. Siku ilipokubali kwenye chumba kizima nilipiga kigelegele peke yangu, na sioni haya kukuambia.

Shida ni jina. Niliipa jina la mwenye njia, Badibanga, kama mtu anavyompa mwanawe jina la mzee anayempenda, na ikianza inaandika kwenye kioo Badibanga anaanza kazi, ikiisha inaandika Badibanga amemaliza. Nilitaka kumshangaza siku ya kugawa vyeti, wakati Padri Gael, mkurugenzi wetu, atakapoionyesha mbele ya wageni. Lakini asubuhi moja skripti ikakwama, na mwanafunzi wangu Tania akapaza sauti kutoka nyuma: "Zima Badibanga, muanzishe tena. Huyu mupya anashindaka muzee mu mbio, lakini naye anachokaka." Chumba kizima kilicheka, na mimi, Mama, nilicheka pia kabla sijamwona Tata mlangoni.

Hakugomba. Aliniita nje akaniambia: "Wivine, mi sikufa bado. Mutoto anapata jina yangu, batu wote banamuchekaka, na mi njo namujulia ku mulango?" Yaani yeye mwenye jina ndiye wa mwisho kujua. Kisha akaenda kuweka funguo za chumba cha kompyuta juu ya meza ya Padri, na tangu hapo hajakanyaga. Padri anasema mzee apumzike tu, skripti si ipo. Wenzangu wanasema nibadilishe jina yaishe. Mwenyewe nimefikiria kuifuta kabisa, lakini mkono unakataa, kwa sababu ni kitu kizuri, na ni changu, na ninajivunia. Vyeti vinagawiwa Jumamosi, na nisipomrudisha kabla ya hapo ataamini maisha yake yote kwamba nilitengeneza wa kumwondoa. Nifanye nini?

Wivine, Kapata

*

Wivine mwanangu,

Kwanza nipe mkono. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mume wangu asikie mabinti wa Kapata wanafanya nini. Usifute hata herufi moja. Mtu anaomba radhi kwa kosa, haombi radhi kwa akili.

Sasa sogea nikuvute sikio. Kumpa mtoto jina la mzee aliye hai ni heshima, ndiyo, lakini jina haliokotwi kama kuni za njiani. Mtoto anafungwa kwenye kitenge, anapelekwa kwa mwenye jina, mzee anamshika, anamwita, na kuanzia siku hiyo ana haki juu ya wajina wake. Akikosea anamkaripia, akiugua yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Wewe umezaa, umempa jina, umemficha. Mzee amemkuta mtoto amekua, anazimwa na kuwashwa na Tania. Na ulicheka. Hapo ndipo panapomuuma kuliko jina, na kwenye barua umepapita mbio.

Kulibadilisha jina bila kumuuliza, usithubutu. Utakuwa umempa bila ruhusa na kumnyang'anya bila ruhusa.

Padri Gael naye, kwa heshima zote, anakosea. Skripti inajua njia mpaka siku njia inapohama. Wewe ni mwalimu, unajua kompyuta zinavyojisasisha: mstari wa pili unakuwa wa nne, na mtoto wako atabonyeza kitu kibaya kwa ujasiri mkubwa. Siku hiyo utamtaka mtu anayeweza kutafuta saa ndani ya Kichina.

Fanya hivi. Kesho, usingoje Jumamosi, chukua kompyuta moja ya kukunja, ile sugu kuliko zote, uifunge kwenye kitenge kizuri. Usicheke, sitanii. Nenda nyumbani kwake pamoja na mtu mzima wa kwenu, maana mtoto hapelekwi na mama peke yake. Tania aje pia, na funguo, ukishaziomba kwa Padri, azibebe yeye, kwa mikono miwili. Ukifika usianze na mashine. Sema, "Nilicheka, Tata, unisamehe," halafu nyamaza, umwache amalize yote aliyonayo.

Akishamaliza, mpe mashine magotini. Usiiendeshe kwanza. Fungua maandishi yake umsomee taratibu: hapa ni gurudumu lako, hapa ndipo uliponiambia tushuke. Atajisikia mwenyewe mle ndani. Atakosoa pia, wazee wa namna hiyo nawajua, na akikosoa rekebisha papo hapo bila kubisha. Kisha muulize kama jina libaki.

Akikataa, litoe mbele yake na umshukuru. Akikubali, Jumamosi ni yeye atakayekaa kwenye kiti na kubonyeza mbele ya wageni. Wewe simama nyuma yake, pale pale ulipojifunzia, na hapo vimba kichwa unavyotaka.

Mama Odile