Bati za Darasa

Jumanne, Kinyangiri.

Wameshinda. Mkutano wa kijiji umepitisha kwamba bati za darasa tununue sisi watatu tu, wenye mashine za kukamua alizeti. Nilipinga, nikazomewa. Shangazi yangu, mjane, ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono.

Jioni sisi watatu tulikaa kwangu, wala hatukubishana. Kuanzia kesho mteja atachukua mafuta yake tu. Mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua, ambayo siku zote tulimrudishia akalishe mifugo, tutayauza wenyewe tulipie bati.

Yaani watakaolipa ni walewale walionyoosha mikono.

Baadaye shangazi akapiga simu. Kesho analeta gunia lake la alizeti.

"Mashudu yangu usimpe mtu, mwanangu. Ng'ombe amekonda."

Nikamjibu, "Karibu, shangazi." Kisha nikakata simu.