Mafuta ya Muti wa Lupango

Odette mujukuu wangu,

Huku Mutshatsha tuko bazima, baba yako anakusalimia, mihogo imeota vizuri. Unaniuliza kutoka Lubumbashi kama kweli mashini ya kusaga mahindi inatembea na mafuta ya mbono, ule muti wa kuzungushia lupango, kiwanja cha nyumba. Ni kweli! Leo nimeuza mbegu zake, simu ikalia, feza zimeingia. Nikakaa chini, nikamukumbuka mama yangu.

Mi nilikuwa mutoto mbuzi wetu alipokula zile mbegu, akakufa. Mama akazikusanya zote, akazitupa motoni. Moto ukaruka juu, mvua ikanyesha, haukuzimika. Mama akapiga kelele, "Batoto, mukimbie, ni bulozi, ni uchawi!"

Ile jioni tulikula gizani, Odette. Petroli ya taa ilikuwa imeisha.

Nkambo wako