Sindano ya Mtoto wa Mwajuma

Jumapili, kipupwe. Tangu asubuhi milima ya Uluguru haionekani. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba za Bigwa, chini ya mlima, na manyunyu hayakati. Nimeingia intaneti kafe hapa mjini, miguu bado inaniuma kwa kile kilima. Sina furaha wala huzuni. Naandika tu kabla sijasahau.

Alhamisi asubuhi dada yangu alinipigia simu. Binti yake Mwajuma, aliyeolewa huko juu milimani, ana kichanga ambacho hakijapata chanjo hata moja. Kesho yake nesi alikuwa anapanda kijijini na huduma ya mkoba, ile kliniki inayowafuata watu waliko. Dada alisema anayekataza ni mume, Hamisi, na wa kwenda kusema naye ni mimi.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Lakini mimi ni mjomba wa mjini, nauza vipuri vya baiskeli. Mara ya mwisho kufika kule ilikuwa msibani.

Ulikuwa msiba wa mtoto wa kwanza wa Mwajuma. Alikufa kipupwe kilichopita. Nimonia.

Nilipanda siku ileile, nikamkuta Hamisi akipalilia kabichi. Aliniamkia shikamoo vizuri tu. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno makali, nikayatoa yote palepale kwenye matuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea mpini wa jembe.

"Mjomba, mimi sijakataa," akasema. "Kamuulize Mwajuma."

Nilijiona mjinga.

Mwajuma alikuwa jikoni akimenya magimbi, mtoto mgongoni. Nilivuta kigoda nikakaa, nikamuuliza kuna nini. Alimaliza kumenya gimbi lililokuwa mkononi. Kisha akanieleza kwamba yule wa kwanza alipokuwa anakohoa walimpeleka zahanati, akachomwa sindano, na kabla jua halijazama akamfia mikononi. Tangu siku hiyo akiona sindano anaona sanda.

"Mimi ndiye niliyemshika, mjomba. Nilimbana miguu asirushe."

Hilo sikuwa nalijua. Nilichokuwa nakijua ni kwamba mtoto yule alifikishwa zahanati mbavu zinabonyea kwa kutafuta pumzi, na ile sindano ilikuwa dawa ya kujaribu kumwokoa. Haikuwa chanjo. Chanjo hakuwahi kupata hata moja, kwa sababu siku hizo nesi alikuwa hapandi, na kuteremka na kichanga hadi zahanati ni mwendo mrefu. Sasa mama utamwambiaje hayo bila yeye kuona kwamba unamlaumu kwa kuchelewa?

Ningeweza kuamuru. Nadhani angetii.

Nilisema polepole. Kwamba ile ilikuwa tiba na ilimkuta mtoto ameshalemewa. Kwamba hii ni kinga, anapewa mtoto mzima, ili kifaduro na zile nimonia za msimu wa baridi zisipate njia, au zikipata zisimwangushe. Nikamwambia pia kwamba anaweza kuchemka mwili kidogo, maana nisingependa ashtukie jambo ambalo sikumwambia.

Aliendelea kumenya. Nikajua nimeshindwa, nikaanza kufikiria nitamwambia nini dada.

"Basi mshike wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Ijumaa tulikwenda. Kliniki ilikuwa ndani ya ghala la ushirika, ambalo limebaki tupu tangu wachuuzi waanze kufuata mazao shambani na magari yao. Nesi alimwona Mwajuma amesimama nje na mumewe, amejiziba masikio kwa kanga. Hakuuliza. Alinionyesha namna ya kumpakata mtoto na kumshikilia paja, akachoma. Mtoto alipiga ukelele ghala zima likageuka.

Nilikuwa nishuke mchana uleule. Mwajuma akaniomba nisiondoke.

Jioni joto likapanda kweli, kama nesi alivyosema. Mwajuma alimnyonyesha, akamfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, hakumweka chini. Hamisi alikuwa akiongeza kuni hata pasipohitajika. Mimi nilikaa tu pale. Kukaa ndiyo kazi pekee iliyokuwepo.

Kulipokucha mtoto alikuwa ananyonya kwa pupa. Mwajuma akamgusa paji, shingo, paji tena. Baridi. Hapo ndipo alipoanza kulia, kilio kirefu ambacho msibani sikukisikia. Nadhani alikuwa anamlilia yule wa kwanza. Hamisi akamchukua mtoto taratibu, akatoka naye nje.

Sina tabia ya kuhubiri, na hapa sitaanza. Ila kipupwe hakijaisha. Kama una mtoto, mpeleke chanjo wakati anacheka, usisubiri mpaka akohoe. Na kama kuna mama anayekataa, muulize kwanza anaogopa nini. Mimi nilipanda mlima mzima na maneno ya kumwambia mtu mwingine kabisa.

Jana asubuhi Mwajuma alinisindikiza mpaka kijito. Nikamkumbusha kwamba kuna sindano ya pili mwezi ujao, nikasema nitapanda.

"Usijisumbue, mjomba," akasema, akiweka sawa mbeleko. "Hiyo nitamshika mwenyewe."