Kishika Uchumba Nilichompelekea Hamisa

...na hayo ya jinsi mume wangu Muhidini anavyonipenda nilikwisha kuyamwaga katika barua yangu ya kwanza, Mpendwa Mshauri, kwa hiyo sitarudia kwamba akitoka kazini stesheni huniita jina tangu njiani mpaka majirani wa mtaa wetu wa Manundu wanacheka. Leo naomba msaada kwa sababu furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nina kaka, Rehani, yuko kijiji cha ujamaa huko Handeni, naye hutungia nyimbo kikundi cha maigizo na kucheza sehemu za kike, kwa kuwa wazee hawaruhusu binti zao kupanda jukwaani, na ukimwona amejifunga kanga anaimba kilio cha mke aliyeachwa utalia, lakini akishuka vijana humzomea, "Bi harusi, mahari yako mbuzi wangapi?" naye hutabasamu na kwenda kula peke yake. Nikadhani anakosa mke tu! Nikawaza, kwa nini kaka yangu asionje utamu huu, basi bila kumwuliza nikamshawishi shangazi, tukapeleka kishika uchumba, doti ya kanga mpya, kwa wifi yangu Hamisa, dada yake Muhidini, kwa jina la Rehani, na Hamisa akaipokea kwa mikono miwili.

Nilipompelekea Rehani habari alikuwa akipalilia shamba la kijiji. Akaweka jembe chini.

"Zamda, mdogo wangu, vile unavyomngoja Muhidini jioni, mimi tangu utoto moyo wangu humngoja mwanamume. Sijamwambia mtu. Huwa namwimbia tu, nikiwa nimejifunga kanga, na watu wanadhani ni mchezo."

Nikakimbilia basi. Tangu siku hiyo haimbi tena, anaogopa watamjua, na baba anataka harusi baada ya mavuno. Nikiwa na mume wangu namfikiria kaka yangu kule peke yake, hata furaha yangu naionea haya. Je, nimwache aoe, labda atazoea?

Zamda, Korogwe

*

Zamda,

Hongera kwa ndoa, na pole. Sasa nikukaripie. Nani alikutuma? Wewe umeshiba mapenzi, ukaona kila mtu ana njaa ya chakula chako! Atazoea, unasema. Wewe ungezoea mume anayekugeuzia mgongo maisha yako yote? Hamisa naye ni binti wa watu.

Mchukue shangazi yako mkarudishe neno. Kanga mwachieni Hamisa, asiaibike. Useme kwamba ulikwenda bila kutumwa, basi, maana huo ni ukweli. Baba atafoka, wifi atanuna. Aibu hiyo ni yako, ibebe. Siri ya Rehani hukupewa uigawe, hata kwa Muhidini. Umeniandikia mimi, inatosha, na majina ya watu na ya mahali nimeyabadilisha yote.

Kisha rudi Handeni, usimhubirie. Alikufungulia moyo nawe ukakimbilia basi. Hiyo imemwumiza kuliko zomeazomea zote. Mwambie bado ni kaka yako, na mlango wako uko wazi. Halafu mwombe aimbe. Akiogopa jukwaa, aimbe uani, wewe ukiwa umekaa pale unamsikiliza, ukijua anamwimbia nani. Hilo hajawahi kulipata.

Nami nina ndugu Old Korogwe ninaotaka kuwaona. Kabla mwezi huu haujaisha nitapita kwako, tupande pamoja basi la Handeni. Mwambie Rehani kuna mama mmoja anakuja kumsikia, na atakaa mbele.

Mama Justa