Mandazi Yako Mlangoni pa Sinema

Braamfontein, 2019

Shangazi yangu Mwajuma,

Shikamoo. Sijui marahaba itanifikia kwa njia gani, maana umelala Kigoma mwaka wa pili sasa, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia. Ungenikatisha hapo hapo uniulize nimelelewa wapi.

Nakuandikia kwa sababu kichwa changu kimevurugika na wa kumuuliza ni wewe tu.

Unakumbuka Jumamosi ile ya tamasha la filamu hapa Braamfontein? Nilikuwa nimejiandaa mwezi mzima. Nilitaka kuacha kupiga na kuhariri video za harusi kwenye kile chumba cha nyuma cha saluni yako Marshalltown, nipate kazi ya filamu, na kila niliyemuuliza aliniambia kazi za filamu hazitangazwi, watu hupeana wakifahamiana. Basi nikachapisha kadi zenye jina langu. Nikajifunza kujieleza kwa Kiingereza kwa nusu dakika, mbele ya kioo chako, wateja wakiwa na vichwa nusu vimesukwa wakinicheka.

Wewe ukauliza, "Na unawapelekea nini hao watu?"

Nikakuonyesha kadi.

"Kadi haziliwi," ukasema. "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu."

Nilidhani unatania. Asubuhi yake nikakukuta kituo cha basi umevaa gauni lako la Idi, umebeba ndoo nyeupe ya mandazi imefunikwa kanga. Eish, shangazi. Njia nzima sikukusemesha.

Pale kwenye ukumbi wa nje wa sinema watu walikuwa wamesimama na vinywaji vyao, kila mmoja akimtazama mwenzake kifuani asome beji kabla ya kuamua kama anastahili salamu. Wewe hukusoma beji ya mtu. Ulimpa mlinzi, ukampa mfagiaji, ukawapa wakurugenzi, wote kwa mkono ule ule wa kulia, ukiwaulizia hali za watoto wao. Wakayaita magwinya, jina lao la huku, wakala. Mimi nilijibanza upande wa pili nikitafuta kwa macho mtu mmoja tu, Bi Nomsa, mtayarishaji wa filamu ambaye kila mhariri mchanga wa mji huu alitaka amjue.

Nikamfikia. Nikampa kadi. Nilikuwa katikati ya nusu dakika yangu aliponikatiza, andazi mkononi, akauliza, "Yule mama anayegawa ni nani? Mnafahamiana?"

Nikasema, "Hapana. Nadhani anauza."

Ulikuwa hatua mbili nyuma yangu. Kiingereza ulikuwa unakisikia vizuri, umesuka vichwa vya mji huu miaka kumi na mbili. Lakini ulipita na ndoo yako kama kawaida, na jioni kwenye basi ulisema tu, "Wale watu wana njaa, ila wanaona haya." Nikajiambia hukusikia. Nilihitaji kujiambia hivyo.

Hakuna aliyenipigia. Moyoni nikakulaumu wewe na ndoo yako, nakiri. Nikarudi kwenye harusi zangu, na wewe ukaendelea kuziweka kwenye televisheni ya saluni kutwa nzima, wakati mimi niko nje na kamera. Nilikuwa nakuomba, "Shangazi, zima hizo, wateja wanachoka." Ukawa unajibu kwamba wateja hawajalalamika. Kisha ukaugua, tukakusafirisha nyumbani, nikabaki.

Mwaka huu Bi Nomsa akapiga simu. Anataka mhariri wa filamu ndefu, ananitaka mimi. Nikamuuliza namba yangu ameitoa wapi, maana kadi ile nilijua aliitupa. Akacheka. Akasema siku ile ya tamasha ulimfuata nje ukamwambia, "Yule msichana niliyemwona na wewe ni mtoto wa kaka yangu. Leo hanijui. Atanijua." Halafu ukamwambia kichwa chake kimesukwa vibaya, aje Marshalltown umrekebishie.

Alikuja, shangazi. Miaka miwili alikaa kwenye kiti chako akitazama harusi zangu. Na ukamkataza asinipigie. "Usimpe kazi kwa sababu ya mandazi," ulimwambia. "Mwite siku utakapomhitaji."

Kwa hiyo ulisikia. Ulisikia, na bado ukanisemea. Sasa niambie, kazi hii nimeipata kwa mikono yangu au kwa yako? Na kwa nini hukunigombeza hata siku moja? Ungenigombeza ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Uliniachia nini hasa, msamaha au adhabu? Nalala na furaha, naamka na aibu, na katikati nakukasirikia kidogo kwa kunificha. Nimekukosea, shangazi. Hilo tu ndilo ninalolijua bila kuchanganyikiwa.

Wiki iliyopita tamasha lilirudi. Safari hii nimealikwa, nina beji. Nikaamka alfajiri nikapika mandazi. Yalitoka magumu, ungeyacheka. Nikasimama mlangoni na ndoo yako ile ile.

Mlinzi akaniuliza kama nauza. Nikamwambia hapana, nagawa, ni mandazi ya shangazi yangu. Kumbe ni Mrundi, aliposikia lafudhi yangu akaniuliza kwa Kiswahili, "Na shangazi mwenyewe yuko wapi?"

Nikampa andazi la pili.

Pumzika, shangazi. Nikija Kigoma sitakuja mikono mitupu.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako