Burhani na filamu isiyoshuka

Wee Haidari, Burhani wetu ameaibika hapa Ijuganyondo! Ameaibika!

Filamu yake ya torenti ilikuwa inashuka kama konokono, akaapa kampuni ya mtandao inambania kasi. Kumbe kilichomchoma ni mkewe, Hafidha, kwenda kuitazama kwa Sunil, yule jirani mwenye duka.

Wivu ukampandisha hadi sebuleni kwa Sunil. "Mimi wananibana, wewe wanakubembeleza!"

Sunil akamkaribisha kwa akamwani, zile buni za kutafuna, akaishika simu ya Burhani. "Mzee, kampuni yetu ni moja. Mbona umezima kupakia?"

"Wageni wasichukue vyangu bure!"

VYANGU, Haidari!

"Torenti ni watu kupeana vipande vya filamu, mzee. Asiyetoa hupewa mwisho."

Hafidha, aliyekuwa palepale akitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Hata nyumbani yuko hivyohivyo!"

Sasa ameruhusu kupakia. Filamu imeshuka yote, na anaitazama peke yake; Hafidha alishaimaliza kwa Sunil.