Katoni Mbele ya Radiata

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Elisabethville, Katanga
Alhamisi, tarehe 22 Juni 1961, saa nne asubuhi

Jina: Edouard Mwansa
Umri: miaka 43
Kazi: dereva wa kamioneti
Makazi: Komine (mtaa) ya Kenya, Elisabethville
Kuhusu: kutoweka kwa Clément Tshimanga, karani wa duka, miaka 35

Mimi ni Edouard Mwansa. Nimezaliwa hapa hapa, na nimeendesha motokari miaka kumi na tisa. Namwendeshea Bwana Laurent wa mtaa wa Bel-Air, mfanyabiashara wa vitunguu na unga. Kila Jumanne napeleka mzigo Mokambo, mpakani.

Clément Tshimanga ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Kwao ni Kasai, na Afisa anajua mwaka huu mtu wa Kasai anaishi vipi mjini hapa, anavyofukuzwa na kuwindwa na vijana wa mitaani. Jumapili, tarehe 18, mke wake Madeleine alitangulia Mokambo kwa treni na watoto wawili. Clément alibaki siku mbili ili akabidhi funguo za duka. Jumanne angewakuta, wavuke mpaka wote pamoja kabla ya jioni. Aliniomba nimchukue. Nilikubali bila kufikiri mara mbili, kwa sababu watoto wangu wawili walijifunza kusoma mezani kwake.

Mnamo tarehe 20 Juni, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, niliwasha kamioneti. Baridi ilikuwa kali, majani ya uani yameganda meupe. Asubuhi za namna hiyo sisi madereva tunaweka katoni mbele ya radiata, upepo usiipige, injini ipate joto. Usipoweka, injini inakohoa na kuzimika kila kona. Lakini katoni lazima itoke jua likipanda, la sivyo maji yatachemka. Kwa barabara ya Mokambo tunaitoa kwenye kichuguu kikubwa cha tatu, kile kirefu kuliko nyumba. Kila dereva anakijua.

Ili nisisahau, kila nikiweka katoni nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Mkono ukikigusa, nakumbuka. Miaka yote hiyo sijawahi kuchemsha injini, na nilikuwa nikiwacheka wenzangu waliochemsha. Leo sicheki.

Njiani tulipatana na Clément kwamba akiulizwa na mtu yeyote, yeye ni shemeji yangu na tunasafiri pamoja. Nilimwambia asiseme maneno mengi kwa sababu ulimi wake unataja alikotoka.

Saa moja na dakika ishirini tulifika kwenye kichuguu cha tatu. Siku hiyo palikuwa na kizuizi cha askari, mahali pale pale. Clément, ambaye huniita yaya, yaani kaka, aliona kitambaa akasema, "Yaya, toa ile kitambaa. Batauliza iko alama ya nini."

Nilikifungua nikakitia mfukoni.

Askari mmoja aliuliza, "Huyu njo nani?"

Nikasema, "Shemeji yangu. Tunapeleka vitunguu Mokambo."

Walipekua mizigo. Walimwaga chini maji ya bidoni, dumu langu la akiba, waone kama ni esansi ya motokari. Mmoja akamtazama Clément muda mrefu, kisha akasema, "Kwendeni. Hapana kusimama hapa."

Tukaondoka. Afisa ameniuliza kwa nini sikusimama mbele kidogo nitoe katoni. Sikuwa na hofu tena, hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na furaha. Clément alicheka mpaka akafuta machozi, akaniigiza ninavyosema "shemeji yangu", nami nikacheka naye kama mjinga. Tulipita kijito ambacho kila wiki nasimama kujaza bidoni. Siku hiyo nilikipita tu. Kipimo cha joto cha kamioneti kimekufa tangu Desemba na vipuri havipatikani, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kile kitambaa, nacho kilikuwa mfukoni.

Saa mbili na dakika tano, kilometa kama tatu baada ya kijito, nilisikia harufu ya mpira unaoungua, mvuke ukatoka chini ya kapo, bati la kufunika injini. Nilisimama pembeni. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta kitu cha kushikia kifuniko cha moto, nilitoa kitambaa chekundu. Nilifungua kapo. Katoni ilikuwa imekaa pale pale, imekauka na kupinda. Radiata haikuwa na maji.

Clément hakunilaumu. Alichukua bidoni akasema, "Nitarudia ku kijito. Weye bakia na motokari, yaya. Iko ya bantu." Alimaanisha ni mali ya watu, ya Bwana Laurent.

Hapa nataka iandikwe vizuri. Aliyestahili kwenda ni mimi. Mimi nikikutwa njiani ni mtu wa hapa, nasema lugha ya hapa, hakuna wa kuniuliza kitu. Lakini mwezi uliopita dereva mwenzangu aliacha motokari ya Bwana Laurent karibu na Kambove kwa saa moja tu, akakuta magurudumu na betri vimekwenda. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo Bwana Laurent anasema shofere haachi motokari, hata ikiwaka moto. Nilifikiria magurudumu. Nilimwambia Clément, "Usikawie," basi.

Alivua koti akaliacha kwenye kiti. Alikwenda na miguu kurudi tulikotoka, saa mbili na robo.

Saa tatu na dakika kumi lilipita lori kutoka upande wa Mokambo, lina vijana kama kumi na watano, wengine na mapanga. Lilielekea upande ule alikokwenda Clément. Halikurudi.

Saa nne kasoro dakika kumi niliacha kamioneti, nikaenda kumtafuta. Karibu nusu ya njia nilikuta bidoni. Ilikuwa imesimama wima pembeni, imejaa, kizibo kimefungwa vizuri. Haikuanguka. Iliwekwa chini taratibu, kama mtu anavyofanya akiambiwa aweke mzigo chini. Niliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Niliingia majanini pande zote mbili. Sikuona damu, sikuona kiatu.

Nilibeba bidoni mpaka kwenye kamioneti. Injini ilikuwa imepoa. Nilitoa katoni, nikamimina yale maji aliyoyachota Clément. Iliwaka mara ya kwanza.

Nilirudi kizuizini. Askari walisema lori lilipita mbio, hawakulisimamisha. Nikageuza kwenda Mokambo, nikafika saa saba na nusu mchana. Mama Madeleine alikuwa amekaa juu ya sanduku, watoto wamevaa viatu. Nilimpa lile koti na nikamweleza. Aliuliza neno moja, "Weye shofere, ulimuacha aende na miguu?"

Kisha akasema anarudi mjini kumtafuta, nikapandisha sanduku na watoto kwenye kamioneti.

Afisa amenisomea maelezo mpaka hapa, akauliza kama lile lori lilisimama kwangu. Nilisema lilipita. Nasahihisha. Lilisimama. Kijana aliyekaa karibu na dereva aliuliza, "Baba, uko na nani?" Nilidhani namlinda Clément, nikajibu, "Niko peke." Aliangalia koti lililokuwa kwenye kiti, akanitazama, wakaondoka.

Namjua Clément. Walipomkuta na bidoni na kumuuliza, atakuwa alisema vile tulivyopatana, kwamba shemeji yake anamngojea mbele kwenye motokari. Nao walikuwa wametoka kwangu dakika chache tu, na mimi nilisema sina mtu.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, ni maneno yangu, sina la kupunguza.

(Sahihi) E. Mwansa

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami, Dominique Chanda, naibu inspekta. Bidoni moja imepokelewa kama kielelezo. Shahidi ameleta pia kipande cha katoni na kuomba kiandikwe. Nimemweleza kwamba kusahau katoni si kosa la jinai. Amekiacha mezani.

Mke wa aliyetoweka yuko barazani tangu saa moja asubuhi, anaomba asomewe maelezo haya. Nimemuuliza shahidi kama anataka sehemu ya lori irukwe. Amesema hapana, asomewe yote, na yeye atakaa papo hapo akisikiliza.